Miguu Mirefu ya Kina Ramotlhwa

Decatur, Georgia
4 Machi 2012

Kele mdogo wangu,

Nimekukatia tiketi. Usianze kupiga kelele, soma kwanza hadi mwisho.

Tangu mke wangu Estelle afariki mwaka juzi, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Nazungumza na jiko. Nina miaka sabini na minne, wewe umetimiza sabini Januari, na tulionana mara ya mwisho mwaka 1988. Sisi ni ndugu wa tumbo moja lakini tunajuana kwa mwandiko. Ningependa tukae meza moja kabla mmoja wetu hajashindwa kuinuka kwenye kiti.

Utapanda basi kutoka Mahalapye hadi Johannesburg, na kutoka hapo ni ndege moja tu hadi Atlanta, bila kutua. Tarehe ni 12 Juni. Ni saa kumi na sita, Kele. Kwa mtu wa kimo cha kawaida ni safari ndefu. Kwa mtu wa ukoo wa Ramotlhwa ni jambo la kujiandaa. Ulikuwa na mita moja na sentimita themanini na sita, labda uzee umekula mbili. Kile kiti hakikutengenezwa kwa kukufikiria wewe. Nitakuandikia namna ya kukaa, hatua kwa hatua. Ungekuwa unasikia vizuri kwenye simu ningekueleza leo hii, lakini najua honi za treni zilivyoyafanya masikio yako.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Oduetse


Mahalapye
25 Machi 2012

Kaka,

Barua yako nimeisomea palepale posta, tena nimesimama, maana lile benchi lao limetengenezwa kwa ajili ya watoto wa chekechea. Nikapiga kelele kabla sijamaliza. Karani akadhani kuna msiba.

Mimi, nipande ndege! Miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye dirisha la stesheni nikikatia watu tiketi za kwenda Bulawayo, Gaborone, Mafikeng, na mwenyewe sikuvuka Lobatse. Unakumbuka lile dirisha? Walilitoboa chini sana. Abiria walikuwa wananiona kidevu tu. Mtu akitaka kuniuliza bei anainama, na mimi nainama, tunagongana macho kama mbuzi wawili. Siku hizi treni ya abiria haipo tena, dirisha limepigwa mbao, lakini vijana wa pale bado wananiita Nguzo ya Simu. "Nguzo, kuna mtandao huko juu?" Nawaambia upo, ila nyinyi hamna salio.

Nitakuja. Nimemwambia jirani yangu Mma Tjiposa, yule mshonaji Mherero, na ameanza kunishonea gauni la safari kabla hata sijamwomba. Gauni lao lile la vitambaa mita kumi. Nimemwambia nitahitaji viti vitatu.

Lakini nina swali. Umeyajulia wapi haya ya kukaa hatua kwa hatua? Mtu aliyekuja nyumbani mara moja tu katika miaka thelathini na mitatu anazungumza kama rubani. Hata mama alipofariki ulikuwa na kazi nyingi. Basi, niambie huyo rubani anasemaje.

Mdogo wako,
Kelebonye


Decatur
14 Aprili 2012

Kele,

Nimeisoma ile sentensi kuhusu mama. Leo niruhusu nizungumzie viti.

Nimekuchagulia kiti cha kando ya ujia, upande wa kushoto, ili mguu wako wa kulia ndio upate pa kunyooka. Uliniambia zamani kwamba goti la kulia ndilo bovu. Watu watakwambia ukae kwenye mlango wa dharura kwa sababu pana nafasi. Usikubali. Anayekaa pale anatakiwa aweze kuufungua mlango na kuwasaidia wengine kutoka, na mtu mwenye goti kama lako watamhamisha mbele za watu. Ile safu ya kwanza yenye ukuta nayo si nzuri kama inavyoonekana, miguu inagota ukutani na kitoto cha mtu kinalia kandoni mwako.

Mkoba wako uweke kwenye kabati la juu, wote. Nafasi ya chini ya kiti cha mbele ni ya miguu yako, usiifanye ghala. Mfuko wa kiti cha mbele usitie kitu, hata kitabu, maana unene wa kitabu ndio unene utakaokosa magotini.

Pembeni ya mkono wa kiti, upande wa ujia, pitisha vidole chini kabisa nyuma karibu na maungio. Kuna kitufe kidogo kisichoonekana. Ukikibonyeza, mkono wa kiti unainuka. Watu wengi husafiri maisha yao yote bila kukijua.

Kile kijimto chao cha kichwa kitakufika mabegani. Usihangaike nacho. Mwambie Mma Tjiposa akushonee kimto chembamba cha kuweka kiunoni, mgongo ukipata egemeo magoti yanashuka. Kunywa maji. Soksi ndefu zinazobana, ununue dukani kwa mfamasia, upimwe mguu, usikisie. Na kila saa moja, Kele, simama utembee. Sikia hilo. Usione aibu kumwamsha mtu, usione aibu kupita ujiani mara kumi na tano. Simama.

Oduetse


Mahalapye
6 Mei 2012

Kaka rubani,

Tumefanya mazoezi! Mma Tjiposa alikuja Jumapili baada ya kanisa, tukapanga viti vinne vya sebuleni, viwili mbele na viwili nyuma, tukapima nafasi kwa futi yake ya kushonea. Mimi nyuma, yeye kando yangu na gauni lake, tumejaa kama magunia. Kwenye kiti cha mbele tukamweka mpwa wake tukamwambia alale. Akalala kweli, akasukuma kiti chake hadi magotini mwangu, nikapiga yowe.

"Mwamshe!" Mma Tjiposa ananiambia.

"Naona aibu."

"Aibu ya nini? Ndugu yako ameandika usione aibu. Mtingishe!"

Kila saa moja nilisimama nikazunguka meza. Tulikaa saa tatu. Kufikia hapo Mma Tjiposa akasema yeye ameshuka, nchi yoyote tuliyofika inamtosha, anataka chai.

Kimto amekishona. Soksi nimepima. Yule binti wa dukani alipata shida kidogo kwa sababu mguu wa kushoto siku hizi unavimba jioni na hautoshani na mwenzake. Ni uzee tu. Mwaka jana ulivimba sana ukawa wa moto, hospitali wakanipa vidonge vya damu nikavimeza miezi miwili, nikaona vinanichosha nikaviacha. Sasa hausumbui, ila hilo la jioni.

Nimekununulia phane, wale viwavi wetu wakavu, kilo nzima. Kama huko wanakataa wadudu mpakani niambie mapema niwafiche vizuri.

Nguzo yako,
Kele


Decatur
24 Mei 2012

Kele,

Usije.

Nimeifuta tiketi leo asubuhi. Usinikasirikie. Nenda hospitali kesho, usingoje Jumatatu, uwaambie wakupime mguu wa kushoto kwa ile mashine ya picha, na uwaambie uliacha vidonge. Safari haipo. Nitakueleza nikipata maneno.

Oduetse


Mahalapye
10 Juni 2012

Oduetse,

Nimeshawaaga watu. Nimeagwa kanisani, wameniombea mbele ya wote. Kesho kutwa ndiyo tarehe 12.

Nilipaswa kujua. Mwaka 1996 pia ulituambia unakuja, kisha bosi akakataa. Jumamosi ile tuliliweka jeneza la mama kando ya kaburi, mimi nikiangalia barabara. Wajomba wakasema jua linakaribia kuchomoza, na maziko yetu ni ya alfajiri, hatuwezi kungoja zaidi. Udongo wa kwanza ulikuwa wako, mwana mkubwa. Niliutupa mimi.

Una desturi yako na ndege. Usiniandikie tena habari za viti.

Kelebonye


Decatur
28 Juni 2012

Kele,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii naipeleka posta hata kama ni mbaya.

Mwaka 1988, nilipotoka kuwatembelea, nilipewa kiti cha dirishani. Johannesburg hadi Ulaya, kisha Ulaya hadi hapa. Kando yangu walikaa mzee na mkewe, wamelala, wameshikana mikono. Kiti cha mbele kimelala juu ya magoti yangu. Ningetaka kutoka, ningelazimika kuwaamsha wote wawili, nami unanijua nilivyokuwa, niliona haya kuwa mrefu, kuwa Mwafrika pekee kwenye safu ile, kuwa mzigo. Sikunywa maji ili nisihitaji choo. Sikuinuka hata mara moja. Nilifika nikichechemea, nikadhani ni uchovu.

Siku ya tatu nilikuwa kazini, juu ya tangi la maji la mji, pumzi ikakatika. Nilishika ngazi nikaona giza. Damu ilikuwa imeganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye pafu. Nililala hospitali siku kumi na tisa. Daktari alimwambia Estelle aite jamaa zangu. Estelle akaniuliza, nikakataa. Nilimwandikia mama kwamba nimefika salama. Alinijibu kwa kunisifia kwamba nimenenepa kwenye picha niliyomtumia.

Baadaye madaktari waliniambia naweza kupanda ndege, kwa dawa na kwa kutembeatembea. Mwili ulipona. Mimi sikupona. Nikisikia ndege juu ya nyumba mikono inatoka jasho.

Mama alipofariki nilikata tiketi siku ileile. Nilikaa kwenye kiti pale pa kuingilia, koti mapajani. Waliita abiria wote. Kisha wakaita jina langu peke yake, mara tatu, wanalitamka vibaya. Nilisikia kila mara. Sikuinuka, Kele. Nilitazama ndege ikirudi nyuma ikaondoka, na nikawapigia nikasema bosi amekataa. Wakati huo sikuwa na bosi. Bosi wa idara nilikuwa mimi.

Yale yote niliyokuandikia ya kitufe na kimto na mkoba, nimeyasoma. Tangu 1996 nasoma habari za ndege kama mtu anayesoma habari za nyoka aliyemuuma. Nauliza watu kanisani wakirudi safari, "Ulikaa wapi? Ulisimama mara ngapi?" Wanadhani napenda kusafiri. Hakuna hata kiti kimoja nilichokikalia tangu 1988.

Uliponiandikia mguu wako ulivimba ukawa wa moto, nilijua huo ni mguu wangu. Baba naye alikufa ghafla baada ya safari ya siku mbili kwenye lori, unakumbuka, tukasema ni moyo. Sijui tena kama ulikuwa moyo.

Niko radhi unichukie ukiwa hai.

Oduetse


Mahalapye
2 Septemba 2012

Kaka Oduetse,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa inabadilisha mahali. Kwanza ya kaburini. Kisha nikakasirika kwamba ulikuwa unakufa hospitalini na mimi huku nacheka, nakata tiketi. Tungefanya nini? Hatungefanya kitu, lakini tungejua. Mama angetembea kwa miguu.

Nilienda hospitali siku nilipopata barua yako fupi, hilo ulijue, hata nikiwa na hasira nilienda. Kuna daktari mpya, msichana wa Maun, Dokta Sekgwa, ananifika kifuani. Alinipaka dawa baridi mguuni, akapitisha kile kidude, akaangalia picha kimya hadi nikamuuliza kama anaangalia sinema.

"Mma, mwaka jana ulikuwa na damu iliyoganda hapa. Nani alikwambia uache dawa?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulisomea wapi udaktari?"

"Stesheni."

Akacheka, kisha akanigombeza dakika ishirini, mimi nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi. Sasa bonge halipo. Kuvimba ni mishipa iliyochoka. Nimemeza vidonge miezi mitatu kwa saa, Mma Tjiposa ananisimamia. Nikamsomea daktari barua yako ya viti, ile ya Aprili. Alisikiliza yote, akasema, "Huyo kaka yako amesema kila kitu isipokuwa sindano." Atanipa sindano ya tumboni ya kujichoma kabla ya kuondoka, damu isigande, na karatasi ya kuonyesha uwanja wa ndege.

Kwa hiyo nakuja. Mara hii tiketi nimejikatia mwenyewe, mkono wangu unajua kazi hiyo. Tarehe 11 Oktoba, kando ya ujia, kushoto. Usinijibu kwa barua, haitawahi. Ukiwa hutaki, nitakaa uwanja wa ndege wa Atlanta nimevaa gauni la Kiherero hadi uone aibu.

Kele


Ndani ya ndege
11 Oktoba 2012

Kaka,

Naandika juu ya kimeza kinachonigusa tumbo. Barua hii nitakupa mkononi, lakini usipoisoma utasahau kuniuliza, na mimi nitasahau kusema.

Saa ya pili. Kandoni mwangu yupo mama mfupi wa Soweto, MaDlomo, anakwenda kumwona mjukuu. Miguu yake haifiki sakafuni, inaning'inia. Tumetazamana tukacheka. Kanikabidhi nafasi yote ya chini ya kiti chake cha mbele, kasema yeye haitumii. Nikapitisha vidole chini ya mkono wa kiti, nikakipata kitufe chako. Mkono ukainuka! MaDlomo akamwita hata mhudumu aje aone.

Saa ya tano. Nimesimama mara tano. Nyuma, karibu na vyoo, tumekuwa chama. Kuna mstaafu wa polisi kutoka Polokwane, mrefu kuliko mimi, na bibi mmoja wa Kizungu, mkulima, aliyebadilishwa nyonga. Tunapanda kwa vidole na kushuka kwa visigino. Mhudumu, kijana, akatuuliza kama tuna shida. Nikamwambia, "Mwanangu, shida yetu ni mita moja na themanini na sita." Akatuletea maji bila kuombwa tena.

Saa ya nane. Hili ndilo nililotaka kukwambia.

Safu ya mbele yetu, dirishani, yupo mzee mmoja. Magoti yake nilikuwa nayaona kupitia upenyo wa viti, yamebanwa hadi juu kama ya panzi. Tangu tuondoke hakuinuka. Kandoni mwake vijana wawili wamelala, vinywa wazi. Alipita mhudumu na maji, akakataa kwa mkono. Nilimwangalia akikataa, nikaweka kalamu chini.

Nikasimama. Nikamgusa bega yule kijana wa ujiani. "Mwanangu, amka." Hakuamka. Nikamtingisha kama Mma Tjiposa alivyonifundisha. "Amka, na mwenzako umwamshe, baba huyu anatoka."

Mzee akasema, "Hapana mama, waache walale, mimi niko sawa tu."

"Hauko sawa. Una kiu na mguu umekufa ganzi. Inuka."

"Sitaki kuwasumbua watu."

"Wasumbue! Watalala tena, ni vijana, wana miaka hamsini ya kulala."

Watu wakageuka. Nilikuwa nimepaza sauti, unajua sauti yangu mwenyewe siisikii. Yule mzee akanitazama kama mtu anayesubiri ruhusa. Vijana wakainuka, tena kwa heshima, wakasema hatukujua. Akatoka. Mguu wa kwanza ulimkataa, akanishika mkono, tukaenda hivyo taratibu hadi nyuma. Anaitwa Bwana Ravele, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Thohoyandou. Alikunywa glasi tatu. Sasa amebadilishana kiti na yule kijana wa ujiani, na kila nikisimama nambonyeza bega, naye anasimama.

Hakukuwa na mtu wa kukuinua wewe. Nilikuwa nalifikiria hilo nilipokuwa nimemshika mkono. Miaka yote nilikuwa nakuona umekaa kwenye ofisi yako umevaa tai, unatusahau. Kumbe ulikuwa umekaa pale dirishani.

Saa ya kumi na tatu. Goti linauma, mguu wa kushoto uko sawa, nimeukagua. Wanaleta mayai. Nakuja.

Kele


Dakar
19 Februari 2013

Kele,

Ndiyo, Dakar. Tulia nikueleze.

Tangu uondoke Desemba, sebule yangu ina alama za viti ulivyovipanga na kunilazimisha nikae. Nilikuwa nakubishia kwa sababu ulikuwa hapo wa kubishiwa. Ulipoondoka nikaendelea kuvikalia mwenyewe, kila jioni, nusu saa, kisha saa, kisha saa nne. Wiki ya pili ya Januari nilimwambia daktari wangu nataka kujaribu. Akasema, kwa mtu kama mimi, kwa nini niile safari yote kwa mkupuo mmoja? Ipo ndege ya kutoka Washington inayotua Dakar kabla ya kwenda Johannesburg. Nishuke, nipumzike siku tatu, nipande tena. Nimesoma habari za ndege miaka kumi na sita na hilo halikunijia, kwa sababu nilikuwa nasoma namna ya kuvumilia.

Nilipanda treni hadi Washington. Pale pa kuingilia mikono ilitoka jasho hadi karatasi ikalowa. Walipoita safu yangu nilikaa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele yangu akaniuliza, "Baba, huu ndio mstari wa Dakar?" Nilisimama ili nimwonyeshe. Nikiwa nimesimama, nikaenda naye. Ilikuwa hivyo tu, sikuwa shujaa.

Nilisimama ujiani mara tisa kwa saa nane. Mara mbili nililia, chooni, nikatoka.

Sasa niko kwenye nyumba ya wageni, kitanda kifupi, nimelala kwa kukunja magoti. Jana mwenye nyumba alinipa wali na samaki kwenye sinia moja na wanawe, akaniuliza nimeolea wapi. Nikamwambia nimeolea mbali sana. Leo nimetembea ufukweni, nimekaa, nimetembea. Hapa nilipo, kurudi Marekani ni saa nane na kuja Johannesburg ni saa nane. Nimelipima jambo hilo tangu asubuhi. Hakuna mahali pengine duniani ambapo njia zangu mbili zingelingana hivi, na hakuna atakayenilaumu nikigeuka, maana sikumwambia mtu ila daktari.

Nakwambia wewe. Naiweka barua hii posta sasa hivi, kisha kesho kutwa nitakwenda uwanjani. Barua itachelewa kama kawaida yake. Ikikufikia na mimi sipo, utakuwa umejua. Nakupenda, na sikukudanganya mara hii.

Oduetse


Mahalapye
15 Machi 2013

Kaka,

Barua yako ya Dakar imeletwa leo. Nimeisomea jikoni, na wewe nakusikia uani unabishana na fundi kuhusu kitanda. Amekuja na mbao za mita mbili. Unamwambia ongeza. Anakuuliza, "Kwani mzee, unalalia na viatu?" Mma Tjiposa anacheka hadi anashika ukuta.

Ningeweza kutoka nje nikazungumza nawe, ni hatua kumi. Lakini jambo hili sikuliweza kwa mdomo. Nilikwenda nalo Marekani, nikakaa nawe wiki nane, nikarudi nalo. Hata wiki tatu hizi za hapa nakutazama ukila seswaa, ile nyama yetu ya kupondwa, unajipaka mafuta vidoleni, unakataa kwenda makaburini. Leo goti, kesho jua kali, kesho kutwa unataka kwanza kumsalimu mchungaji. Sikusukumi. Najua unaogopa nini. Unaogopa kwamba alikungoja.

Siku mbili kabla hajafa, mama aliniita. Sauti ilikuwa imepungua, nikainama. Nilimwambia, "Oduetse amepigiwa simu, atakuja." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwambie asihangaike kuwahi. Huyo mtoto safari zinamwumiza. Aliporudi ile mara ya mwisho aliniandikia barua ya kwamba yuko salama, mwandiko ulikuwa unatetemeka." Akanishika kidole. "Mwambie aje atakapoweza. Mimi siendi popote."

Alijua, Kaka. Hakujua ni nini, lakini alijua.

Sikukwambia. Wakati ule niliona hustahili kusamehewa kirahisi namna ile, baada ya udongo ule mkononi mwangu. Kisha mwaka ukapita, na miwili, nikaona aibu kuwa nimeyakalia maneno yasiyo yangu. Yalikuwa yako. Nimekunyang'anya kwa miaka kumi na sita na nusu, na hapo katikati ndipo nilipokuandikia kwa hasira kwamba una desturi yako. Na mimi nilikuwa na yangu. Nisamehe ukiweza, usiharakishe.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wa chumba chako, utaikuta ukimaliza na fundi. Kesho asubuhi, jua likiwa bado dogo, nitakusindikiza. Nitasimama getini, sitaingia nawe, mna mazungumzo yenu. Kaburi lake ni safu ya tatu, kushoto, lenye kivuli cha wavu mweupe juu yake.

Nenda taratibu.

Kele